Lengalenga haimo kwenye etiketi: njia tano za kupata dawa halali ya mazao madogo, zikilinganishwa

Chukua chupa yoyote ya dawa ya wadudu katika duka la pembejeo la Lubumbashi, iwe imevuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa au imetoka Kinshasa, usome mazao yaliyoandikwa kwenye etiketi. Utaona mahindi, nyanya, viazi, kabichi, labda pamba. Lengalenga (mchicha, kwa wasomaji wa pwani) hutaiona. Matembele (majani ya viazi vitamu), ngaingai (mboga ya majani machachu) na shu ya China (kabichi ya Kichina) nazo hazimo, ingawa ndizo zinazojaza meza za soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, asubuhi na ndizo zinazomwagiliwa kila siku kwenye bustani za Kashamata, Kilobelobe na Kalubwe. Mkulima afanyeje? Anapuliza dawa ya nyanya, kwa kipimo cha nyanya, na kuvuna kwa kuhesabu siku za nyanya.

Kuna njia tano za kuziba pengo hilo bila kukisia. Tunazilinganisha hapa kwa ajili ya viongozi wa vyama vya wakulima wa mboga na maagronomu wanaotakiwa kuamua fedha chache za umma au za wafadhili ziende wapi. Msimamo wetu tuuseme mapema: fedha hizo ziende kwanza kwenye kupanua etiketi ya dawa ambayo tayari imesajiliwa, kwa kufuata makundi ya mazao, na wakati huo shambani zitumike dawa ambazo hazihitaji kuwekewa kikomo cha mabaki (kiasi cha juu cha dawa kinachoruhusiwa kubaki kwenye chakula). Njia nyingine tatu zina nafasi, lakini ni finyu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa nini siku za nyanya hazihamii kwenye jani

Tufanye hesabu ya mfano. Dawa inaweka gramu 100 za kiini (kemikali yenyewe inayoua wadudu) kwa hekta. Kwenye nyanya inayokomaa, mnyunyizo mwingi hukaa kwenye majani na udongo. Tuseme moja ya kumi tu ndiyo inafika kwenye matunda, na shamba lina tani 40 za matunda kwa hekta. Hizo ni gramu 10 zilizogawanywa kwa kilo 40,000, yaani miligramu 0.25 kwa kilo siku ile ya kupuliza.

Kwenye lengalenga jani ndilo chakula. Nusu ya mnyunyizo ikibaki juu ya majani, na mavuno yakiwa tani 10 kwa hekta, tunapata gramu 50 kwa kilo 10,000: miligramu 5 kwa kilo. Pompi ni ile ile, kipimo ni kile kile, mabaki ni mara 20.

Sasa ongeza siku. Kiini kinachopungua nusu kila baada ya siku 3 kitakuwa kimeshuka hadi 1.25 siku ya 6, na 0.3 hivi siku ya 12. Ulaya, kwa Kanuni namba 396/2005, kiini kisichowekewa kikomo chake kwenye zao fulani huhesabiwa kwa kikomo cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo. Kutoka 5 hadi chini ya 0.01 nusu inapaswa kukatika mara 9, yaani siku 27. Lengalenga hung'olewa au hukatwa ikiwa na wiki 3 hadi 5, na ile ya kukatwa hurudiwa kila baada ya wiki moja au mbili. Hakuna mahali pa kuziweka siku 27.

Tarakimu hizo ni za mfano tu, lakini mwelekeo wake ni wa kweli kwa kila mboga ya majani: eneo la jani ni kubwa, uzito wake ni mdogo, na muda wa kuvuna ni mfupi. Kwa Lubumbashi kuna la ziada. Juni na Julai, msimu wa kiangazi wenye baridi, ndipo bustani zinapostawi na ndipo dawa nyingi zinapooza polepole. Muda wa kusubiri (siku kati ya kupuliza na kuvuna) uliopimwa kwenye joto la nyanda za chini unaweza kuwa mfupi mno kwa mji ulio juu ya mita 1,200.

Njia tano kwa mkato

| Njia | Anayelipa | Anayebeba lawama mmea ukiungua | Inafaa | Hukwama wapi |
|---|---|---|---|---|
| Kungoja kampuni | Kampuni | Kampuni | Nyanya, mahindi, viazi | Soko dogo halirudishi gharama |
| Majaribio ya mabaki kwa fedha za umma | Serikali, vyuo, wafadhili | Hujadiliwa na kampuni kabla ya kuanza | Zao lisilo na ndugu aliyepimwa | Friza, maabara, idhini ya kampuni |
| Kupanua etiketi kwa kundi la mazao | Gharama ndogo, ya umma au ya ushirika | Mara nyingi mtumiaji | Lengalenga, shu ya China | Kipimo kisipolingana na cha zao ndugu |
| Kibali cha dharura | Serikali | Hutegemea kibali | Mdudu mpya | Kugeuka mazoea |
| Dawa zisizohitaji kikomo cha mabaki | Mkulima | Mtumiaji | Viwavi na vidukari kwenye mboga za majani | Ujuzi wa kupuliza |

Kungoja kampuni

Tupite hapa haraka. Hesabu za sekta ya viuatilifu yenyewe, kwa kipindi cha 2014 hadi 2019, zinaonyesha kwamba kiini kipya hugharimu takriban dola milioni 301 na zaidi ya miaka 12 kutoka maabara hadi dukani. Kuongeza zao moja kwenye dawa iliyopo ni nafuu sana kuliko hapo, lakini bado kunahitaji majaribio ya mabaki, maabara na ada za usajili, na mauzo ya matuta machache hayalipi. Zaidi ya hayo, lengalenga ikiungua, kampuni inadaiwa fidia inayoweza kuzidi faida ya miaka kadhaa. Hata huko Marekani, ambako sheria ya 1996 inahesabu kuwa "matumizi madogo" zao lolote lililo chini ya ekari 300,000 (hekta 121,000 hivi), iliwabidi kuzitunuku kampuni: kwa kila matumizi madogo matatu zinaongezewa mwaka mmoja wa haki ya kipekee juu ya takwimu zao, mwisho miaka mitatu. Pasipo tuzo kama hiyo, kungoja kampuni kwa ajili ya lengalenga ni kungoja embe chini ya mnazi. Kwa nyanya na viazi, waachieni kampuni kazi yao. Fedha za umma zisiende huko.

Majaribio ya mabaki kwa fedha za umma

Huu ndio mfano unaosifiwa zaidi, na unastahili. Marekani ilianzisha mradi wa IR-4 mwaka 1963, ukiendeshwa na wizara ya kilimo pamoja na vyuo vikuu vya kilimo vya majimbo; makao yake yalikuwa Chuo Kikuu cha Rutgers, sasa yako Chuo Kikuu cha North Carolina State. Kanada ina kituo chake cha aina hiyo Ottawa tangu 2003, na vituo hivyo viwili hushirikiana kwenye majaribio. Umoja wa Ulaya una ofisi ya uratibu Paris tangu 2015, ila hiyo huunganisha nchi na wataalamu tu, haipulizi shamba. Kwa nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki kuna shirika la COLEAD la Brussels (zamani COLEACP), ambayo programu yake ya viuatilifu ilianza 2001, kwa kuangalia zaidi mazao ya bustani yanayouzwa Ulaya.

Utaratibu wa IR-4 una jambo moja la kuiga hata bila fedha zake. Ombi hutoka kwa mkulima, afisa ugani au mtafiti. Kampuni hairuhusiwi kuomba. Lakini kabla ya senti kutumika kampuni huulizwa: mkipewa takwimu hizi, mtaandika zao hili kwenye etiketi? Ikisema hapana, ombi linalala. Kisha wadau hukaa kuchagua vipaumbele, majaribio yanafanyika, takwimu zinapelekwa kwa EPA (wakala wa mazingira wa Marekani), EPA inaweka kikomo cha mabaki, na kampuni inaongeza zao kwenye etiketi. Miradi inayoruka swali hilo la kwanza huishia na ripoti nzuri kabatini.

Jaribio lenyewe si gumu kwa akili, ni gumu kwa nidhamu. Kwa mboga ya majani linaendeshwa hivi.

Tenga vitalu viwili, kimoja kisichopulizwa kabisa, kikiwa upande ambao upepo unatokea ili mnyunyizo usikifikie. Pima pompi kabla: jaza maji, puliza kwenye ndoo kwa dakika moja, pima mililita, rudia mara tatu, na matokeo yakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5 badilisha tundu la pua. Puliza kwa kipimo cha juu kabisa kitakachoandikwa kwenye etiketi, kwa idadi ya juu kabisa ya mara, kwa nafasi fupi kabisa kati ya mara moja na nyingine. Anayepima kwa kipimo cha kati anajidanganya, maana kikomo lazima kimlinde mlaji hata mkulima anapotumia ruhusa yake yote.

Sampuli hutolewa kwanza kwenye kitalu kisichopulizwa, kisha kile kilichopulizwa; ukigeuza mpangilio huo, mikono na visu hubeba dawa hadi kwenye ulinganisho wako na jaribio zima linakufa. Chukua kilo 1 angalau, kutoka mimea 12 au zaidi iliyotawanyika, ukiacha kingo za kitalu. Usioshe majani. Kata siku ya 0, baada ya mnyunyizo kukauka, halafu siku kadhaa mbele, kwa mfano 1, 3, 7 na 14, ili ujue mteremko wa mabaki na si nukta moja tu. Andika umwagiliaji: mwagilio wa juu jioni ile ile ya kupuliza huosha dawa na kukupa namba ya kufurahisha isiyo ya kweli.

Sampuli ziingie kwenye friza ndani ya saa 24, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, zikae hapo hadi maabara. Hapa ndipo Lubumbashi itakapoanguka kama haikujipanga. Umeme wa SNEL ukikatika usiku mzima, friza iliyojaa nusu huyeyusha kingo za mifuko, kiini kinaendelea kuoza, na hakuna atakayejua isipokuwa kuna kipimajoto kinachojiandikia chenyewe. Bajeti iwe na friza mbili, jenereta yenye mafuta yake, na kipimajoto cha kurekodi ndani ya kila friza. Bila hicho cha mwisho, maabara ya ithibati ina haki ya kukataa sampuli. Vitalu na watu wa kuvisimamia si tatizo kubwa: kitivo cha kilimo cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na kituo cha Kipopo cha INERA (taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo) ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Gharama inayotisha ni uchambuzi wa maabara na kusafirisha sampuli zilizoganda, pamoja na barafu kavu na vibali vya kuvusha mpaka.

Kwa hiyo njia hii itumike kwa nini? Kwa zao lisilo na ndugu aliyepimwa popote. Matembele ni mfano mzuri. Etiketi ya viazi vitamu, hata ukiipata, imepima mabaki kwenye kiazi, chini ya udongo, mbali na mnyunyizo. Jani ni habari nyingine kabisa. Sombe (majani ya mihogo) ni vivyo hivyo kwa mihogo. Kwa hizo mbili hakuna njia ya mkato, na ndizo zinazostahili fedha za majaribio kamili.

Kupanua etiketi kwa kundi la mazao

Sasa lengalenga na shu ya China. Wasimamizi wa dawa duniani hupanga mazao kwa makundi: mazao yanayofanana umbo, namna ya kupulizwa na sehemu inayoliwa hukaa pamoja, na ukishapima mawili matatu yaliyoteuliwa kuwakilisha kundi, kikomo hutumika kwa kundi zima. Katika mpangilio wa Marekani, lengalenga ya majani imo katika kikundi kimoja na letusi na spinachi, na hizo ndizo zinazopimwa kwa niaba yake. Maana yake ni kwamba dawa yenye kikomo kwa kikundi hicho imeshajibu swali la lengalenga, hata kama aliyelipia majaribio hakuwahi kuiona. Shu ya China inahitaji uangalifu zaidi: aina yenye majani wazi, isiyofunga kichwa, huhesabiwa pamoja na majani ya haradali, ilhali ile inayofunga kichwa huwekwa na kabichi na brokoli. Codex, chombo cha FAO na WHO kilichoanza 1963, nayo ina mpangilio wa makundi, na vikomo vyake ndivyo rejea rahisi zaidi kwa nchi isiyo na vyake.

Ulaya ina mlango ulio wazi zaidi kisheria. Kifungu cha 51 cha Kanuni 1107/2009 kinaruhusu dawa iliyosajiliwa ipanuliwe kwenye matumizi madogo, na mwombaji si lazima awe kampuni: taasisi ya utafiti, chama cha wakulima au hata mtumiaji wa kitaalamu anaweza kuomba. Usalama wa mlaji na wa mazingira hupimwa kama kawaida. Kinachosamehewa ni kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi na haiunguzi zao jipya. Hatari hiyo etiketi humwachia mtumiaji. Mapatano ya haki, kwa maoni yetu. Mkulima wa lengalenga anaweza kujaribu kwenye tuta moja na kungoja siku tano aone kama majani yanapauka. Mabaki hawezi kuyaona kwa macho.

Upanuzi una mipaka minne, na kila mmoja umewahi kukanyagwa na watu wenye nia njema.

Ndugu lazima apulizwe kwa kipimo kile kile au kikubwa zaidi. Kikomo cha spinachi kilichotokana na kupuliza mara moja hakifuniki lengalenga iliyopulizwa mara nne. Pili, muda wa kusubiri huhesabiwa hadi kila mkato. Letusi huvunwa mara moja na hadithi inaisha. Lengalenga ya kukatwa ina mikato mitatu au minne, kwa hiyo dawa yenye siku 7 za kusubiri haiingii kabisa pale mnapokata kila baada ya siku 7, isipokuwa mpulize siku ile ile ya kukata, mara tu baada ya mavuno. Ratiba hiyo ndiyo tunayoipendekeza: kata asubuhi, puliza jioni. Tatu, upanuzi hutoka kwa zao lililopimwa kwenda kwa lisilopimwa ndani ya kundi, hauvuki kundi. Nyanya haimsaidii mtu yeyote wa majani. Nne, namna ya kutumia dawa: takwimu za dawa ya kuogesha mbegu haziruhusu kupuliza majani.

Upande wa sheria za hapa, msingi ni Dekreti namba 05/162 ya tarehe 18 Novemba 2005 kuhusu kanuni za afya ya mimea, na uamuzi wa kusajili uko kwa wizara ya kilimo Kinshasa, si mkoani. Usajili wa Zambia chini ya ZEMA (wakala wa mazingira wa huko) haumpi mtu ruhusa upande huu wa Kasumbalesa, ingawa takwimu na etiketi ya huko ni kielelezo kizuri cha kuambatisha kwenye ombi. Wasichanganye watu pia kamati ya viuatilifu ya Afrika ya Kati iliyoko Yaoundé: hiyo ni ya nchi sita za CEMAC (jumuiya ya uchumi ya Afrika ya Kati), na Kongo ya Kinshasa haimo.

Kibali cha dharura

Ulaya hutoa siku 120 kwa hatari isiyozuilika kwa njia nyingine. Marekani hutoa vibali vya aina kadhaa, vikiwemo vya hadi mwaka mmoja, na huweka kikomo cha muda cha mabaki sambamba. Afrika iliijua njia hii baada ya viwavijeshi vamizi kutua barani mwaka 2016, nchi nyingi ziliporuhusu dawa kwa haraka. Ni chombo cha mdudu mgeni. Vidukari kwenye shu ya China si wageni, wapo kila kiangazi, na kuomba dharura kila mwaka kwa jambo la kila mwaka ni kukwepa kazi ya upanuzi. Ubaya wa kudumu zaidi ni kwamba muda wa kibali ukiisha, chupa hubaki dukani na mazoea hubaki mkononi.

Dawa zisizohitaji kikomo cha mabaki

Baadhi ya dawa zina hatari ndogo kiasi kwamba wasimamizi wameziondolea kikomo: Bacillus thuringiensis (Bt, bakteria wanaoua viwavi), sabuni za potasi, baadhi ya mafuta ya mimea. Kusamehewa kikomo hakuzisamehi usajili. Chupa bado iwe na namba yake. Lakini swali la siku 27 halipo tena, na ndiyo sababu tunaziweka mbele kwa mboga zinazokatwa kila wiki.

Bt aina ya kurstaki huua viwavi tu, na huua wakiwa wadogo. Inawafaa viwavi wanaosokota majani ya lengalenga na viwavi wa nondo mgongo-almasi kwenye shu ya China. Haiwagusi vidukari wala mende wadogo wanaotoboa majani. Kiwavi anayejificha ndani ya kiini cha shu (Hellula undalis) hufikiwa tu kabla hajazama, yaani ukipuliza mapema na kuelekeza pua katikati ya mche.

Vipimo: etiketi ikisema nusu kilo kwa hekta na ukatumia lita 500 za maji, hiyo ni gramu 1 kwa lita, gramu 16 kwa pompi ya lita 16. Pompi hiyo inatosha mita za mraba 320, au matuta 32 ya mita 10 za mraba. Anayeimaliza kwenye matuta kumi amezidisha mara tatu. Anayefika sitini amepulizia hewa. Koroga unga kwenye maji kidogo kwanza, ndipo ujaze. Puliza jioni, maana jua la mchana huua Bt ndani ya siku moja au mbili, na usimwagilie kwa juu hadi kesho yake. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 mradi mayai bado yanaanguliwa. Kiwavi huacha kula ndani ya saa chache ila hufa baada ya siku mbili tatu. Wengi huona "haijafa" kesho yake na kuongeza sumu kali juu yake, wakapoteza faida yote.

Maji ni chanzo cha lawama nyingi zisizo za dawa. Visima vingi vya hapa vinatoka kwenye miamba ya chokaa, na maji yenye pH ya zaidi ya 8 hudhoofisha Bt. Karatasi za kupimia pH ni rahisi. Ikizidi, ongeza siki kidogo kidogo hadi ishuke kwenye 7 au chini kidogo, kisha ndipo uweke dawa. Na usitumie chupa iliyokaa kwenye kibanda cha mabati tangu msimu uliopita.

Sabuni ya potasi, gramu 10 hadi 20 kwa lita, huua vidukari kwa kuwagusa. Upande wa chini wa jani usipolowa, hujafanya kitu. Ikikauka imekwisha nguvu, kwa hiyo hakuna kinga ya kesho. Sabuni ya unga ya kufulia si mbadala: viambato vyake huunguza lengalenga changa, na kingo za majani huwa kahawia baada ya siku moja.

Kuhusu buba (Tephrosia vogelii), majani yanayotumiwa kuvulia samaki: wengi huuchemsha wakiamini kwamba cha porini hakina madhara. Kinachoua wadudu ndani yake ni jamii ya rotenoni, na Ulaya iliiondoa rotenoni kwenye orodha ya viini vya kilimo. Utafiti uliofanywa Malawi umeonyesha pia kwamba baadhi ya miti ya buba haina kabisa viini hivyo, kwa hiyo chungu kimoja kinaua na kingine ni maji ya majani tu. Hatuipendekezi kwenye mboga inayoliwa baada ya siku tatu, na pompi iliyobeba buba isioshewe mtoni Kafubu.

Kwa bustani za Lubumbashi, tungechagua hivi

Ushirika wenye lengalenga na shu ya China usianze na jaribio. Uanze na Bt na sabuni msimu huu, kwa ratiba ya kata asubuhi puliza jioni, na wakati huo huo uandike ombi moja la upanuzi kwa dawa moja. Ombi la dawa tano halisomwi. Ushirika ambao sehemu kubwa ya mauzo yake ni matembele utafute UNILU au INERA na mfadhili wa majaribio, na uanze na bajeti ya umeme. Serikali ya mkoa ikiwa na fedha kidogo tu, izitumie kuandaa orodha ya dawa zilizosajiliwa Kinshasa ambazo zina kikomo cha Codex kwa mboga za majani, pamoja na etiketi fupi ya Kifaransa na Kiswahili kwa kila moja. Kazi hiyo haihitaji friza.

Ombi la upanuzi liwe na kurasa mbili hadi tatu. Liandike zao kwa jina lake la kisayansi (Amaranthus, na aina ya shu ikifunga kichwa au la), mdudu kwa jina lake na picha ya uharibifu, makadirio ya eneo na njia mliyoyapatia. Kisha dawa, namba yake ya usajili nchini, kiini, kipimo kwa hekta, wingi wa maji, idadi ya juu ya kupuliza, na muda wa kusubiri unaowezekana kwa ratiba yenu ya kukata: kama mnakata kila siku 10, msiombe dawa ya siku 14. Ambatisheni ukurasa wa kikomo cha Codex au cha nchi nyingine kwa zao ndugu, nakala ya etiketi yake, na matokeo ya matuta machache yaliyopulizwa kuonyesha majani hayakuungua, mavuno yake yakiwa yamefukiwa, si kuuzwa. Barua ya mwenye usajili, au wakala wake, inayokubali zao liongezwe, ndiyo inayochelewa zaidi, kwa hiyo iombwe kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa mengine yote.